Mombasa hadi chemchemi za Mzima na watoto: siku 4, mbuga 2 tu

Tulitoka Changamwe saa 11 alfajiri, watu wazima 3 na watoto 3 ndani ya gari moja. Mpango ulikuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi kwa siku 4. Amboseli ilikuwamo kwenye karatasi ya kwanza, tukaifuta. Kwenye ramani inaonekana ni jirani tu, lakini njia ya kupitia Shetani, penye mwamba wa lava, ni mawe na changarawe, na mtoto wa miaka 6 hahesabu mbuga. Anahesabu saa alizofungwa mkanda.

Alfajiri si mbwembwe. Malori ya bandarini yakishajazana baina ya Miritini na Mariakani, kipande hicho kifupi kinakula asubuhi yako yote. Wa Likoni siku hizi hupitia barabara ya Dongo Kundu, feri haiwahusu. Tulisimama mara moja tu, Mackinnon Road, pale msikitini penye kaburi la Sayyid Baghali. Watoto walinyoosha miguu, mahamri na mbaazi vikaliwa, chai ya chupa ikamalizwa. Kabla ya saa 4 tulikuwa Voi, kiasi cha kilomita 155 kutoka nyumbani, na langoni mwa Tsavo Mashariki hatukwenda.

Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Tiketi ya mbuga huhesabiwa saa 24, tena ni ya kuingia mara moja: ukitoka imekwisha. Ukiingia saa 4 asubuhi unawapeleka watoto moja kwa moja kwenye jua kali, wanyama wamejificha vivulini, na kesho saa 4 hiyo hiyo uwe umetoka. Ukiingia saa 9 alasiri unapata jioni nzima na asubuhi nzima kwa tiketi ileile, mradi ulale ndani. Kwa hiyo tulikula wali mjini, watoto wakalala, tukajaza tangi hadi juu. Malipo tuliyafanya hukohuko Voi kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, maana langoni hawapokei taslimu na mtandao ukisumbua mtasimama juani. Vitambulisho vya wakubwa viwe karibu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, basi maji yalikuwa kwenye dumu la lita 20 na kila mtoto na chupa yake ya chuma.

Kutoka lango la Voi hadi bwawa la Aruba ni kama kilomita 30. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 40 kwa saa, lakini ukitaka kuona kitu nenda 25. Tuliweka saa 2 na zikatutosha kwa shida, kwa sababu ndovu wa Tsavo, wekundu kwa udongo wanaojimwagia, hawaondoki barabarani kwa ajili ya mtu. Zima injini, usipige honi, ngoja. Kila nusu saa watoto walibadilishana dirisha. Bila sheria hiyo, ugomvi unaanza kabla ya pundamilia wa pili. Kukojoa ni kabla ya lango au kambini, kwani kushuka garini ni mahali palipotengwa tu.

Pancha ilitupata asubuhi ya pili. Jeki ilizama kwenye udongo mwekundu mara tu gari lilipoanza kunyanyuka, ikalala upande. Dawa yake ni kipande cha ubao, sentimita 30 kwa 30, unene wa vidole viwili, kiwekwe chini ya jeki. Tulikuwa nacho. Legeza nati robo mzunguko gurudumu likiwa bado chini, ndipo unyanyue. Mtu mmoja kazi yake ni kutazama vichaka tu, asishike spana. Na spea ipimwe upepo kabla ya kutoka Mombasa. Spea iliyokaa miaka 2 chini ya buti mara nyingi haina kitu.

Siku ya 3 tulipanda hadi Mtito Andei, tukaingia Tsavo Magharibi kwa tiketi nyingine, maana hizi ni mbuga mbili na kila moja hulipiwa peke yake. Tena tuliingia alasiri. Huku nzi ndorobo ni wengi, na nguo za buluu iliyoiva na nyeusi huwavuta, vaeni kaki. Chemchemi za Mzima tuliziwekea asubuhi nzima ya siku ya 4, kwa kuwa ni mahali adimu ambapo watoto wanaruhusiwa kutembea kwa miguu, wakiongozana na askari wa mbuga. Maji hutoka milima ya Chyulu, yakachujwa kwenye mwamba wa volkeno, yakatokeza hapa safi kama kioo. Kuna chumba cha chini ya maji cha kutazamia samaki, na ukibahatika kiboko. Waambieni watoto kwamba bomba la Mzima ni mojawapo ya yanayolisha mifereji ya Mombasa; wataliangalia dimbwi kwa jicho jingine. Chakula kibaki garini, vioo vimefungwa: tumbili wa hapo wanajua mfuko wa mahamri ulivyo.

Saa 6 mchana tuligeuza. Ukichelewa zaidi ya hapo, Mariakani utaikuta gizani, taa za malori machoni na watoto wamelala shingo upande.