Kabla ya hotuba, pokeeni barua

Kazi yangu ni kupanga sherehe. Nakodisha mahema, viti, mazulia na vipaza sauti hapa Amu, mji wa Lamu. Harusi ndizo zinazonilisha, lakini shughuli za kiserikali nazo hazikosi: uzinduzi wa hiki, mapokezi ya yule, siku za kitaifa. Basi nikitazama ufunguzi wa bunge, liwe letu au la nchi ya mbali, macho yangu hayamfuati mkubwa anayeshuka garini. Yanatafuta viti. Nataka kujua nani kawekwa kivulini, nani kafungiwa nyuma ya kamba, na kama huyo wa nyuma ya kamba ana njia ya kufika meza kuu.

Kila panapozuka mazungumzo ya kuzifanyia marekebisho sherehe hizi, watu hukimbilia mavazi na gharama. Gwaride ni la nini, zulia jekundu limegharimu kiasi gani, kwa nini tunaendelea na mambo ya Mwingereza. Ni maswali ya haki. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoyaweka kando mawigi ya majaji wa Kenya mwaka 2011 nilifurahi kama wengine. Ila wigi likishavuliwa, mwananchi bado yuko juani.

Mfano niliouona kwa macho yangu ni huu. Palikuwa na hafla moja kubwa ya viongozi, mimi nimeleta hema na viti. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, akaja mzee mmoja wa Siyu, kijiji cha kisiwa cha Pate, kanzu imeroa mpaka magotini. Wanaoijua Siyu wanajua kwamba maji yakipwa chombo hakifiki mjini, kwa hiyo alikuwa ameondoka kwao usiku na maji kujaa. Mkononi ana bahasha ya kaki aliyoizungushia karatasi ya nailoni na kuifunga kwa uzi wa mshipi, isiingie maji. Nikamwamkia, naye akaniuliza, "Mwanangu, hii nimpe nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamtafutia kiti kwenye safu ya mwisho, akakaa na bahasha yake mapajani. Pakasomwa dua, wakatambulishwa wageni, ukapigwa wimbo wa taifa, zikaja hotuba, tena nyingi. Akainuka mara mbili. Mara ya kwanza askari akamwonyesha kwa mkono arudi akae. Mara ya pili kijana mmoja wa itifaki akamwambia kwa adabu kabisa, "Mzee, hayo ya barua ni ofisini, njoo Jumatatu." Jumatatu! Mtu anahesabu maji ya kumrudisha Siyu jioni ile ile. Akaondoka nayo. Nilipokuwa nakunja viti nilikiona kiti chake, na hasira niliyokuwa nayo siku ile ndiyo inayoniandikisha haya.

Katika ratiba ile ya kurasa mbili hamkuwa na dakika hata moja ya mwananchi kupeleka neno mbele. Hakuna aliyekusudia kumdharau mzee. Sherehe ilipangwa hivyo tu, kama zinavyopangwa zote, na mimi ni mmoja wa wapangaji.

Aliyenifungua macho kwamba inaweza kupangwa vingine ni ami yangu, baharia mstaafu. Meli kadhaa alizofanyia kazi zilikuwa zimeandikwa DOUGLAS nyuma kwenye tezi, na kwa miaka mingi alidhani ni jina la tajiri. Kumbe ni mji mkuu wa Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, ambako meli nyingi za dunia huandikishwa. Juzi kati alinikalisha tukatazama kwenye simu sherehe ya bunge lao, Tynwald, inayofanywa kila tarehe 5 Julai, au Jumatatu inayofuata ikiangukia wikendi.

Kwanza tazama ukubwa. Sensa yao ya 2021 ilihesabu watu 84,069. Kaunti yetu ya Lamu, ambayo Wakenya wengi huiona kama kipande kidogo pembeni ya ramani, ilihesabiwa watu 143,920 mwaka 2019. Wao wana bunge lao, wanatunga sheria zao, na siku moja kwa mwaka bunge zima hutoka nje ya jumba na kwenda kukaa kwenye kilima kidogo cha ngazi nne, katika kijiji cha St John's, mbele ya watu.

Hutanguliza ibada kanisani. Wakitoka, hupita njia iliyotandazwa majani ya matete, mtu ametangulia na upanga umesimamishwa wima. Wakishakaa, afisa mmoja hutangaza kwamba baraza limewekewa mpaka, asifanye mtu ugomvi wala fujo. Kisha husomwa sheria zote zilizopitishwa. Si maneno yote ya sheria: jina na muhtasari, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kimanx, lugha ya kisiwa. Mzungumzaji wa mwisho aliyelelewa katika lugha hiyo enzi za kale, Ned Maddrell, alifariki mwaka 1974, na bado sheria yao haikosi kusomwa kwa Kimanx. Na wala hawasomi kwa kujifurahisha. Sheria isipotangazwa pale kilimani ndani ya miezi 18, nguvu yake inakwisha.

Halafu likaja jambo lililonifanya nimwambie ami arudishe nyuma tuone tena. Watu wa kawaida walijitokeza mmoja mmoja, wakatembea mpaka chini ya kilima, kila mmoja na karatasi yake, wakaikabidhi. Ni malalamiko ya mtu anayetaka baraza limtengenezee jambo. Hakuna aliyewaambia Jumatatu. Bunge zima limekaa kimya linatazama, gavana yuko juu, askofu yuko juu, na sherehe haiendelei mpaka karatasi zimepokelewa. Baadaye karatasi hukaguliwa kama imefuata kanuni, na mbunge yeyote anaweza kuichukua na kuliomba bunge liunde kamati ya kuichunguza.

Sisemi kisiwa kile ni pepo. Karatasi ambayo hakuna mbunge aliyeichukua hubaki karatasi. Wajumbe wa baraza lao la chini, House of Keys, wakichaguana wenyewe kwa wenyewe mpaka 1866, na kilima kilikuwepo wakati wote huo, kwa hiyo uzuri wa sherehe haukumpa mtu kura. Juu ya kilima ameketi mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza. Kama ningepewa nafasi ningeuliza pia kwa nini mwananchi asimame chini kabisa. Lakini dakika zile chache za kupokea karatasi sijaziona kwingine, na ningezitaka hapa kuliko gwaride la aina yoyote.

Nimelinganisha na Barbados, kwa sababu nao ni wachache, kama 280,000, na wamefanya mabadiliko makubwa kuliko wote. Baraza lao la House of Assembly ni la tangu 1639. Septemba 2020, katika hotuba ile ile iliyokuwa ikisomwa kwa niaba ya Malkia wa Uingereza, Gavana Mkuu Sandra Mason alitangaza kwamba nchi itaachana na ufalme. Tarehe 30 Novemba 2021 akaapishwa kuwa rais wa kwanza. Nilipoitazama ile hafla ya usiku nililia, sioni haya kusema. Hata hivyo, kuondoa taji ni kujibu swali la nani anasoma hotuba. Swali langu mimi ni nani anapokea barua, na hilo jamhuri hailijibu kwa kuwa jamhuri tu. Sisi ni jamhuri tangu 1964, na mzee wa Siyu alirudi na bahasha yake.

Iceland nao walipata funzo lao. Desturi yao ni wabunge kutoka kanisani kwa miguu kuelekea bungeni siku ya ufunguzi. Oktoba 2010, baada ya mabenki kuanguka na watu kupoteza nyumba, maelfu walikusanyika pale nje na wabunge wakarushiwa mayai. Watu wakikosa mahali pa kuweka karatasi hutafuta kitu kingine cha kutia mkononi.

Kwetu sheria ipo tayari, na hili ndilo linaloniuma. Ibara ya 119 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa haki hiyo hiyo mbele ya bunge la kaunti. Wavuvi wa hapa walipoona bandari inachimbwa kwenye ghuba ya Manda na maeneo yao ya uvuvi yanapotea, ilibidi waende mpaka Mahakama Kuu, nayo mwaka 2018 ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Najiuliza ingekuwaje kama mwanzoni kabisa, siku bunge linafunguliwa, mvuvi angetembea mbele ya kamera zote na kukabidhi karatasi yake, na spika akainuka kuipokea.

Ufunguzi wa bunge ambao mwananchi hana nafasi ndani yake ni harusi ambayo bi harusi hakuitwa.

Basi natoa pendekezo langu, kama mtu wa kazi hii. Gavana kwa sheria anatakiwa kila mwaka kutoa hotuba ya hali ya kaunti. Ifanyike nje, uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, pale ambapo wazee hukaa kila jioni na hapahitaji kukodi ukumbi. Tuna wadi kumi, kutoka Kiunga na Basuba mpaka Witu. Kabla gavana hajafungua mdomo, kila wadi ipewe nafasi ya kupeleka maombi yake mbele, na karani ayaandikishe pale pale na kumpa mwenye ombi risiti yenye nambari. Risiti hiyo ni muhimu kwangu kuliko zulia, maana mtu wa Siyu atarudi kwao na kitu cha kudai.

Halafu zisomwe sheria zilizopitishwa mwaka ule, jina na muhtasari, kwa Kiswahili. Miswada yetu huandikwa kwa Kiingereza, na mama yangu, anayelipa ushuru wa soko bila kukosa, hajawahi kusomewa hata mmoja.

Saa ya kuanza itazamwe kwenye maji. Nasisitiza hili kwa sababu waalikaji hulisahau kila mara: wanaandika saa nne asubuhi kana kwamba watu wote wanakuja kwa pikipiki. Ulizeni manahodha maji yanajaa lini Pate na Siyu, kisha ndio mwandike kadi. Viti nitavipanga mimi, nusu duara, bila kamba, wazee na wajawazito kivulini kwanza, waheshimiwa wafuate. Mahema ninayo ya kutosha.

Kuna rafiki yangu anayetaka siwa, baragumu la wafalme wa zamani, ipigwe kwenye ufunguzi ili pawe na utamaduni wetu. Siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, ndefu kupita mtu, iache makumbusho ilipo, ni kongwe mno kuchezewa. Lakini masimulizi yake nayapenda. Yanasema Mwana Darini, mwanamke wa Pate, alinyimwa siwa ya ufalme kwa sherehe ya mwanawe, naye hakukaa kulia. Aliagiza achongewe yake. Kwa hiyo wanaoniambia kwamba sherehe za wakubwa hazibadilishwi na mwanamke wa Amu, historia yetu wenyewe haiko upande wao.

Ombi hili nimeshaliandika kwa mtindo unaotakiwa, la kutaka bunge la kaunti lirekebishe kanuni zake za kudumu, na linapita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Mkomani na Langoni. Ami amechukua nakala ya kupeleka Faza maji ya bamvua yakifika. Bado nahitaji mtu wa kunipelekea Kiunga na Basuba.