Siku moja na detekta ya metali ya miaka ya 1980

Saa 1:00 asubuhi. Kabla sijagusa chochote nazima taa za LED juu ya meza na kuchomoa chaja zote ukutani. Ndani ya vifaa hivyo kuna sakiti zinazowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na koili ya detekta, yaani lile duara la waya linalonusa metali, huyasikia yote hayo. Nabaki na taa ya betri kichwani. Mezani ipo detekta ya mapigo, PI (kifupi cha Kiingereza "pulse induction") kama tunavyoiita mafundi. Mwenyewe ni mzee aliyeitembeza ufukweni miaka na miaka mpaka ikanyamaza. Aliponikabidhi alisema, "Fundi, ifufue, ila sauti yake usiiguse."

Saa 1:30. Nafungua kasha. Betri za nikeli na kadimiamu zimevuja na kula njia za shaba upande mmoja wa bodi. Kapasita kubwa zimekauka. Lakini koili ni nzima: maikrohenri 300 na ushei, ukinzani chini ya omu 3. Hiyo ndiyo habari ninayoitafuta kwanza katika kila mashine ya zamani. Koili ya kipenyo cha sentimita 26 yenye zamu 23 hivi inafuata fizikia ileile jana na leo, na hakuna chipu yoyote ya kisasa inayoweza kuipa usikivu koili mbovu.

Haikuja na mchoro, kwa hiyo muda mrefu unakwenda kufuata njia za bodi kwa mita, kituo hadi kituo, huku nikichora kwa penseli. Naipenda sehemu hii kuliko zote. Unaisoma akili ya mtu aliyekuwa na chipu za 555 za kupanga muda, amplifaya moja ya NE5534, swichi chache za kielektroniki za CMOS na transista moja ya nguvu, akazipanga mpaka zikaweza kusikia pete iliyozama mchangani.

Saa 3:45. Mchoro umekamilika. Kwa asiyewahi kuiona mashine ya aina hii ndani: transista inaipa koili umeme kwa maikrosekunde 100 au zaidi, mkondo unapanda hadi ampea 2 au 3, kisha unakatwa ghafla. Ugasumaku unapoporomoka, volti kwenye koili zinaruka hadi mamia, na metali yoyote iliyo karibu inapata mikondo midogo inayozunguka ndani yake. Mikondo hiyo haifi papo hapo. Mkia wake, volti ndogo mno, ndio tunaoutafuta. Rezista iliyofungwa sambamba na koili huituliza, kama kiganja kinachozima mtikisiko wa ngozi ya ngoma, na diodi mbili huilinda amplifaya dhidi ya ule mruko. Baada ya maikrosekunde 10 hadi 20 swichi inawashwa na kuchukua sampuli ya kilichobaki. Sampuli za mapigo mengi zinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayopandisha au kushusha sauti.

Saa 4:20. Uamuzi wa nini kibaki na nini kiondoke. Wengi hutupa kila kitu, wakaweka maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) na skrini, kisha wakashangaa kwamba mashine mpya inasikia vibaya kuliko ya zamani. Mimi nashikilia kwamba sehemu ya mbele, yaani koili, rezista ya kutuliza, diodi na amplifaya ya kwanza, ilibuniwa vizuri na mpangilio wake uachwe kama ulivyo, hata kama thamani ya kipande itarekebishwa. Usasa uingie nyuma yake: kwenye majira ya mapigo, kwenye ugavi wa umeme, kwenye kukusanya sampuli. Na hata hapo usiingie kwa sababu ni mpya. Uingie pale tu unapotatua udhaifu unaopimika.

Udhaifu wa kwanza ni zile 555. Majira yake yanashikiliwa na rezista na kapasita, na hivyo hubadilika kwa joto na kwa umri. Mzee hakuwa na njia ila kuzungusha kitufe kila jua lilipopanda. Naweka maikrokontrola ya STM32 inayokwenda kwa kristali. Kwa megahezi 72, kila hatua ya saa yake ni kama nanosekunde 14, na maikrosekunde 11 ya asubuhi inabaki 11 mchana.

Saa 5:30. Osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini. Naweka transista mpya ya kisasa yenye uwezo mdogo wa kuhifadhi chaji na kubadilisha kebo ya koili, kwa sababu kila pikofaradi (kipimo cha uwezo huo) iliyojificha kwenye waya inachelewesha koili kutulia. Badala ya rezista ya zamani nafunga kwa muda inayorekebishika. Ikiwa na omu nyingi mno, mstari kwenye skrini unayumba juu chini. Zikiwa chache mno, unajikokota. Kati ya hapo kuna mahali ambapo unashuka mara moja na kulala. Napapata, napima omu zake, nalehemu rezista ya kudumu ya thamani hiyo.

Sampuli ya mapema zaidi ilikuwa kwenye maikrosekunde 18. Sasa ni 11. Tofauti ya 7 inaonekana ndogo, lakini mikondo ndani ya mkufu mwembamba wa dhahabu hufa ndani ya maikrosekunde chache tu. Kwa mkufu wa namna hiyo, mashine ya asili ilifika msiba umekwisha. Sarafu nene ya fedha huendelea muda mrefu zaidi, na ndiyo maana zamani ilipatikana kirahisi.

Saa 7:00 mchana. Nakula haraka, narudi.

Saa 7:40. Kuandika programu. Kijana ninayemfundisha anatazama na kuuliza, "Fundi, mbona sampuli mbili kwa kila pigo? Si ya kwanza inatosha?" Swali zuri. Koili inapopungwa hukata ugasumaku wa dunia na kuzalisha volti kidogo, na hizo zimo ndani ya sampuli ya kwanza pamoja na ishara ya metali. Ya pili inachukuliwa baadaye sana, mkia wa metali ukiwa umeshafifia. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza, dunia inaondoka na metali inabaki. Mbunifu wa zamani alifanya hesabu hiyo kwa swichi na kapasita. Tunaiacha hukohuko kwenye analogi, kabla haijageuzwa kuwa tarakimu, maana kigeuzi cha biti 12 kilichomo ndani ya chipu hakiwezi kuona kitu kidogo namna hiyo kikiwa peke yake. Kelele za nasibu nazo zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mapigo: jumlisha 100, unapata utulivu mara 10.

Saa 9:15. Sauti inatetemeka polepole, juu chini, hata koili ikiwa imetulia. Nazunguka bodi na ncha ya osiloskopu mpaka kwenye kibadilishi kinachotengeneza volti hasi za amplifaya. Kinakwenda kwa mdundo wake, mapigo kwa mdundo mwingine, na tofauti yao ndiyo tunayoisikia. Nakiondoa na kuiachia STM32 isukume diodi na kapasita yenyewe, kwa saa ileile ya mapigo, na inyamaze kabisa wakati wa sampuli. Tetemeko linaisha. Nikitakiwa kutaja faida moja kubwa ya elektroniki za leo kwa mashine hizi, ni hii: kila kelele inaweza kupangiwa wakati wake.

Saa 10:00. Majaribio juu ya meza ya mbao iliyogundishwa bila msumari hata mmoja. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alitafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani kwa kifaa cha koili, na chuma kilichokuwamo kitandani kilichangia kumvuruga. Pete, sarafu na msumari vinasikika mbali kuliko asubuhi. Mkufu, ambao haukusikika kabisa kwa majira ya zamani, unasikika.

Saa 11:00 jioni. Nje, juu ya udongo wenye madini ya chuma. Udongo huu nao una mkia wake, unaofifia kwa mwendo tofauti na metali, na sampuli ya mapema inauona zaidi. Nasogeza mpaka maikrosekunde 14 na sauti inatulia. Kitufe cha kuchelewesha nakirudisha mahali pake pa zamani kwenye kasha, ili mzee achague mwenyewe: 11 kwa mchanga safi mkavu, zaidi kwa udongo mzito au mchanga wenye maji ya chumvi.

Saa 12:30. Kijana anapendekeza skrini ya namba. Nakataa. Ule mlio mwembamba usiokatika, unaoinuka kidogo koili inapopita juu ya kitu, unamweleza msikilizaji ukubwa na umbo kwa namna ambayo namba hazifiki, na mzee anaujua. Sakiti ya sauti imebaki ya asili. Nimeibadilishia kapasita tu. Betri ni seli 3 za lithiamu, volti 11.1, na bodi ya ulinzi. Mchoro wa zamani na mpya naukunja ndani ya kasha kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye, na namwandikia mzee aje keshokutwa, gundi ya koili ikishakauka.