Almasi yangu ilifanyiwa rangi, na cheti chake kinasema hivyo

Wapo wanaoiita almasi yangu feki. Feki ni kioo kilichokatwa vizuri. Feki ni zirkonia, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, linapouzwa kwa jina la almasi. Pete niliyovaa mimi ina almasi iliyochimbwa ardhini, na rangi yake ya njano ilitengenezwa kiwandani kwa joto na shinikizo. Nilijua hayo yote kabla sijatoa hata shilingi. Naandika kwa sababu nilipokuwa naitafuta hapa Mombasa nilipewa ushauri wa kunipoteza, tena na watu wazima wanaonipenda, na naona wenzangu bado wanapewa ushauri uleule.

Ami yangu ndiye aliyeanza. Kwake yeye almasi ya rangi ni ile ya waridi iliyotoka Mwadui, kule Shinyanga, ambayo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipewa mwaka 1947 alipokuwa anaolewa. Ilikuwa karati 54.5 ilipotoka mgodini, ikabaki 23.6 baada ya kukatwa. "Hiyo ndiyo rangi ya Mungu," akaniambia. "Hizo nyingine ni rangi za dukani. Kama huna pesa ya ile, nunua nyeupe utulie." Nampenda ami, lakini mimi nyeupe sikuitaka. Nilitaka njano au buluu, jiwe ambalo mtu akiliona kwenye kidole changu hatasema ni pete kama ya fulani. Na almasi yenye rangi nzito ya asili bei yake hufika mara kadhaa ya iliyofanyiwa rangi kwa ukubwa uleule. Pesa zangu ni za chama na za ushonaji.

Wa pili akanishauri jambo lililonikera zaidi: nenda dukani, mwambie muuzaji akupimie jiwe kwa mashine, ikilia lipa. Ushauri huu umeenea mjini kote. Ile mashine ndogo yenye ncha kama kalamu hupima jinsi joto linavyopita kwenye jiwe, basi. Almasi hupitisha joto haraka kuliko shaba, kwa hiyo mashine inalia. Haijui kama rangi imetoka ardhini, kiwandani au kwenye kopo. Hata moisanaiti, jiwe jingine kabisa, huifanya ilie. Mashine inajibu swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza.

Hapo ndipo nilipokutana na jiwe la waridi. Duka silitaji jina, liko mjini. Jiwe lilikuwa zuri, nakiri, waridi iliyokolea kama ua la mkomamanga, na bei yake ilikuwa chini hata ya almasi nyeupe ya ukubwa ule. Kijana wa dukani akalipima mbele yangu, mashine ikalia, taa zikawaka zote. "Umeona, mama? Almasi halisi." Nikamwambia nimeona. Kisha nikamuuliza swali ambalo sonara wangu wa Mji wa Kale alinifundisha niulize kabla sijataja bei: "Nikimpelekea fundi alitie kwenye pete, moto wake ukiligusa, rangi itabaki hivi?"

Kijana akasema almasi haiogopi moto. Nikamwambia vizuri, basi niandikie maneno hayo kwenye risiti. Akatafuta kalamu. Akaipata. Hakuandika. Akaenda nyuma kuzungumza na mwenye duka, akarudi na habari kwamba wao hawaandiki mambo ya ufundi. Nikaomba jambo jingine: jiwe litoke na kijana wao mwenyewe, twende wote hadi kwa sonara, ni mwendo mfupi tu. Nadhani walikubali kwa kuwa walimwona mama mwenye buibui na mkoba wa kawaida, wakajua hatutafika mbali na jambo hilo.

Mzee alikuwa kwenye meza yake karibu na dirisha linaloangalia uchochoro. Alilifuta jiwe kwa spiriti, akalishika kwa kibano, akanipa ile lenzi ya kukuza mara 10. Nikaanza kuchungulia ndani, kama kila mtu anavyofanya. "La, mwanangu. Usitazame ndani. Tazama ngozi yake." Akaliinamisha taratibu mpaka mwanga wa dirishani ukalala juu ya uso mmoja wa jiwe. Nikaona. Kwenye ukingo ambapo nyuso mbili zinakutana kulikuwa na mstari mwembamba, mweupe, pale waridi ilipokuwa imebanduka. Karibu na kiuno cha jiwe, pale lilipo pana zaidi, kulikuwa na vidoa viwili visivyo na rangi kabisa. Almasi haikwaruzwi na ufunguo wala na mchanga, karibu kitu pekee kinachoweza kuikwaruza ni almasi nyingine. Kwa hiyo mkwaruzo ule haukuwa kwenye almasi. Ulikuwa kwenye utando uliopakwa juu yake, utando mwembamba ambao moto wa fundi au tindikali yake ya kusafishia ingeuondoa, nami ningebaki na jiwe lililofifia lisilofaa bei niliyolipa.

Yule kijana alitazama pia. Sina chuki naye, nadhani hakuwa akijua. Alilifunga jiwe kwenye karatasi yake akaenda zake. Mimi nilikaa pale kwa mzee mpaka adhana, maana sasa nilitaka kujua yote.

Aliyonieleza siku ile ndiyo yaliyoniongoza. Rangi ya kupakwa ni moja. Ya pili ni rangi ya mionzi: jiwe hupigwa mionzi likawa kijani au buluu, na likipashwa joto baadaye hugeuka njano, chungwa, hata waridi. Ya tatu ni HPHT, yaani joto kali na shinikizo kubwa kwa pamoja. Zote tatu ziko sokoni, na kuuza si kosa. Kosa ni kunyamaza. Hata GIA, maabara kubwa ya kupima vito, huyapa mawe ya mionzi na ya HPHT cheti kinachosema yalivyofanywa, lakini jiwe lililopakwa halipati kwake cheti cha daraja la ubora, kwa kuwa rangi yenyewe si ya kudumu. Hilo peke yake lingenitosha kulikataa lile la waridi.

Binamu yangu aliye Dubai akanitafutia buluu, ya mionzi, yenye cheti kinachosema wazi. Muuzaji wake alikuwa mkweli tangu ujumbe wa kwanza. Kwetu hapa shangazi akasikia neno mionzi akakataa katakata, akasema nitaingiza saratani nyumbani. Hofu yake ina asili yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwanasayansi William Crookes wa Uingereza alizika almasi kwenye chumvi za radiamu zikawa kijani, na mawe ya namna ile hubaki na mionzi miaka na miaka. Siku hizi nyingi hupigwa kwa miale ya elektroni, ambayo haiachi mionzi kwenye jiwe, na yale yanayopitia kinu cha nyuklia huwekwa kando na kupimwa kabla ya kuuzwa. Nilimsomea shangazi yote haya. Akasikiliza, akanitaka bado nisiivae jikoni kwake.

Buluu sikuichukua, ila si kwa sababu ya shangazi. Niliiacha kwa sababu ya moto. Rangi ya mionzi inaweza kugeuka fundi akielekeza moto kwenye jiwe, na pete ni kitu kinachorudi kwa fundi: vidole hunenepa, vishikio hulegea. Ingekuwa kipini au vipuli ningeichukua siku ileile, na mtu anayetaka buluu ya bei ya kufikika nitamwambia hivyohivyo.

Nikabaki na HPHT. Ukiijua inavyofanywa utaelewa kwa nini niliipenda. Almasi nyingi zinazotoka ardhini ni za hudhurungi, kwa sababu fuwele yake ilipindwa na nguvu za chini ya ardhi, nazo hazina wateja wengi. Wanaichukua almasi kama hiyo, wanaiweka kwenye shinikizo la makumi ya maelfu ya mara ya hewa hii tunayovuta, kwa joto la nyuzi 2000 hivi, na ile hudhurungi inaondoka. Zile chache zisizo na nitrojeni huwa nyeupe kabisa, na kampuni ya General Electric ilitikisa soko zima ilipozitangaza mwaka 1999. Zile zenye nitrojeni, ambazo ndizo nyingi mno, hugeuka njano au njano yenye ukijani. Sasa dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064. Jiwe lililokwisha kuvumilia 2000 chini ya shinikizo halitabadilishwa rangi na moto wa fundi wa pete. Hata hivyo moto mkali ukikutana na hewa unaweza kuunguza uso wa almasi yoyote, kwa hiyo fundi alilinde.

Hapa kuna mtego ambao hakuna aliyenionya. Mashine za HPHT ndizo pia zinazotumika kukuza almasi za maabara. Ukiona herufi hizo kwenye tangazo usikimbilie kufurahi wala kukimbia. Uliza maswali mawili tofauti: jiwe limetoka wapi, na rangi imetoka wapi. Muuzaji mmoja alinijibu la kwanza mara tatu kwa furaha, "ni ya asili, mama, ya asili," na la pili akalipita kila mara. Sikurudi kwake.

Yangu ilikuja na cheti kinachojibu yote mawili. Kabla ya kulipa niliingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya maabara, nikalinganisha karati na vipimo. Kisha nikaenda kwa mzee na lenzi, tukatafuta maandishi ya leza kwenye kiuno cha jiwe. Ni madogo mno, unalizungusha jiwe taratibu huku unashikilia pumzi, na ghafla yanajitokeza: namba ileile, na mbele yake HPHT PROCESSED. Nilifurahi mno. Jiwe limeandikwa ukweli wake mwilini, nani atanidanganya tena? Kumbuka almasi ya Deepdene, ya zaidi ya karati 100, iliyouzwa mnadani Geneva mwaka 1971 kama njano ya asili, maabara ikaja kugundua imepigwa mionzi. Kama wale wa mnadani walidanganyika, mimi na macho yangu tungefanya nini bila karatasi?

Litazame jiwe nje pia, kivulini kisha juani. Taa za madukani hupendezesha kila kitu. Langu likipigwa na jua la saa sita linatoa mng'ao wa kijani, na mzee alinieleza kuwa ndivyo zilivyo njano nyingi za namna hii. Mwingine angeona ni kasoro, mimi naona ndio uzuri wake.

Bei? Jiwe la nusu karati hivi lilikuwa laki na kitu, dhahabu na ufundi ni mbali. Ukiambiwa utaliuza kwa faida usikubali, mawe haya yakirudi sokoni hushuka sana, na muuzaji mwenye haya atakuambia. Kwenye risiti nilisisitiza yaandikwe mambo matatu: almasi ya asili, rangi imebadilishwa, kwa HPHT. Nakala moja ya cheti nimemwachia sonara, nyingine iko na risiti kabatini, kwa sababu pete hii itakwenda kwa binti yangu akiolewa, na fundi atakayempelekea aipunguze huenda akawa ni mwingine kabisa.