Hita ya Umeme katika Baridi ya Kabale

Tangu nihamie Kabale, mji wa Uganda ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nimesikia wauzaji wengi wakidai kwamba hita za aina fulani hutoa joto zaidi kwa umeme kidogo. Dai hilo halina msingi. Ndani ya hita ya kawaida mna waya, mara nyingi wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromiamu), ambao huukinza mkondo wa umeme ukapata moto, na karibu umeme wote unaoingia hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo hita ya wati 2,000, iwe ya bei nafuu au ghali, hula yuniti 2 za Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla) kwa kila saa inayowaka mfululizo.

Tofauti iko katika namna joto linavyomfikia mtu. Ile ya feni hupasha hewa ya chumba upesi, lakini ukiizima tu baridi hurudi. Ya mafuta, ambayo niliichagua kwa chumba cha mama, huchelewa kupata moto, ila mapezi yake (mabamba ya chuma yenye mafuta ndani) hubaki na uvuguvugu muda mrefu baada ya kuzimwa, wala haina kelele (mafuta yenyewe hayaungui wala hayaongezwi, ingawa fundi mmoja alinibishia sana). Ya miali humpasha aliyekaa mbele yake hata barazani.

Kwa volti 240, hita hiyo ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, mzigo ambao waya mwembamba wa ekstensheni hauuwezi. Yetu tumeichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.