Kula vizuri Matema bila kuumiza mfuko

Ukisema unashuka Matema kupumzika, watu wa Mbeya watakupa ushauri wa aina mbili: beba chakula chote kutoka soko la Mwanjelwa, au jiandae kulipa bei za hotelini. Ushauri wote huo ni mbovu na umewamaliza watu hela. Matema ipo Kyela, wilaya ambayo mchele wake unagombewa nchi nzima. Mbele yake ni Ziwa Nyasa lenye samaki, na barabara ya kufika huko inapita katikati ya viazi, ndizi, maziwa na maparachichi ya Rungwe. Nimelisha familia yangu huko kwa hela ambayo hotelini ingeishia kwenye mlo wa kwanza, na tulikula kuliko tunavyokula nyumbani. Kinachotakiwa ni kujua kipi kinunuliwe wapi, na nani akipike.

Anza na hali ya hewa, maana ndiyo inayoharibu vyakula vya watu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Nyama iliyogandishwa inatoka Uyole ikiwa jiwe, inafika Ipinda imeshaanza kuvuja maji, na ukifika Matema unalazimika kuipika yote usiku huohuo. Maparachichi yaliyolainika Mbeya yatapondeka njiani, kwa hiyo nunua Tukuyu yaliyo magumu kabisa. Kwa joto la kule siku mbili tatu yanakuwa tayari. Mkungu wa ndizi nao uwe mbichi kabisa, usio na hata kidole kimoja cha njano, kwa sababu zikianza kuiva zinaiva zote kwa pamoja. Maharage beba makavu. Wengine huyachemsha kabisa nyumbani ili kuokoa mkaa, kisha yanachacha kwenye ndoo kabla ya kufika. Isitoshe, Matema maharage yanaiva haraka kuliko Mbeya, kwani kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyochemka kwa joto kubwa zaidi. Loweka usiku, asubuhi yape moto wa kawaida. Viazi, karoti na kabichi chukua Isyonje pale barabarani, kwa sababu ziwani vinauzwa ghali na vimenyauka.

Mchele usinunue Mbeya. Nunua Kyela au Ipinda, tena kwa anayekoboa. Mjini mchele wa Kyela huchanganywa na wa sehemu nyingine, na ukishachanganywa kwa macho hutaujua. Mimi hufanya hivi: nachukua kiganja kimoja, nausugua kwa viganja viwili, naupulizia pumzi ya moto halafu nanusa. Wa Kyela halisi unanukia hapohapo ukiwa mbichi. Kisha natafuna punje mbili. Ikivunjika kwa mlio, umekauka vizuri. Ikibonyea chini ya jino, bado una unyevu, na unalipia maji kwenye mizani. Muulize muuzaji kama ni wa msimu huu au wa mwaka jana. Mpya hunywa maji kidogo: vikombe viwili vya mchele kwa vitatu vya maji vinatosha, na ukizidisha unapata bokoboko. Wa zamani ongeza nusu kikombe. Kilo moja inashibisha watu wazima sita hadi wanane kwa mlo mmoja, kwa hiyo piga hesabu usibebe gunia. Chenga zinauzwa rahisi zaidi, na kwa vitumbua vya asubuhi zinafaa kuliko mchele mzima.

Samaki ni suala la saa. Mitumbwi hurudi alfajiri, na kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu ndiyo bei ya ufukweni. Baada ya hapo wachuuzi wameshabeba, na samaki yuleyule utauziwa kwa bei ya kichuuzi. Angalia jicho liwe limetuna na angavu, lisiwe na ukungu wala kudidimia. Funua shavu uone wekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole, na shimo likibaki achana naye. Usipa, yaani dagaa wa Nyasa, huvuliwa kwa taa usiku, kwa hiyo siku za giza wanapatikana kwa wingi na bei inashuka. Mbalamwezi ikiwa pevu, dagaa hawaifuati taa, na bei inapanda. Kama unaweza kuchagua tarehe ya safari, tazama mwezi kwanza. Usipa wakavu nunua walioanikwa kwenye vichanja au nyavu. Walioanikwa chini wana mchanga, na mchanga hautoki hata uoshe mara tano.

Kwa mchuzi chukua magege, yaani perege wa ziwa hilo. Mbasa ni mtamu mno lakini ana vimiba vidogovidogo ndani ya nyama, na wageni wengi humkimbia kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kisu kikali: mchanje pande zote mbili kwa mistari iliyokaribiana, upana wa kidole kidogo, ushuke mpaka uti wa mgongo. Mpake chumvi na ndimu, mwache dakika ishirini, mfute maji, kisha mkaange kwenye mafuta mengi yaliyopata moto. Vimiba vikishakatwa hivyo vinakauka na kutafunika. Mafuta yasipopata moto, atanata kwenye kikaango na vimiba vitabaki vilevile.

Sasa suala la nani apike, maana hapa ndipo hela inapookolewa. Sahani ya wali samaki kwa mama ntilie ni elfu tatu mpaka tano, hotelini ni elfu kumi na tano kwenda juu. Lakini kuna njia nzuri kuliko zote mbili. Nunua samaki mwenyewe ufukweni, mpelekee mama ntilie pamoja na mchele wako, umlipe mkaa, viungo na kazi yake. Unamsalimia vizuri, unamwambia, "Mama, nina watu sita, samaki hawa hapa, nisaidie kupika, tupatane." Mapatano yafanyike kabla moto haujawashwa: mafuta ya nani, nyanya za nani, chakula kiwe tayari saa ngapi. Mpe nusu mapema aende sokoni. Na upeleke kabla ya saa tatu asubuhi. Ukimpelekea saa sita, majiko yote yana chakula cha wateja wake, samaki wako atawakaanga harakaharaka kwenye mafuta yaliyokwishatumika, na kosa si lake. Ukimkabidhi mapema anakupikia kama anavyowapikia wanawe. Mwombe mchuzi wa mawese, maana michikichi iko hapohapo Kyela na mafuta yake yanauzwa kwa chupa.

Ukiwa na jiko lako, pika kwenye chungu. Jumamosi nenda mnadani Lyulilo, mwendo wa miguu kutoka Matema, ambako vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huletwa kwa mitumbwi. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti ya kufa. Kabla ya kukipikia kijaze maji kilale usiku mzima, kikaushe, kipake mafuta ndani, kisha chemshia uji mwepesi kwa mkaa mchache. Wanga wa uji unaziba vitundu vya udongo, na chungu hakivuji tena. Kinachopasua vyungu vya watu ni maji baridi juu ya chungu cha moto, au kukitua kwenye sakafu yenye maji. Kwa watu wanne panga nyanya nne na vitunguu viwili chini, magege wawili wa nusu kilo juu yake, vijiko vitatu vya mawese, chumvi, na maji kikombe kimoja tu. Funika. Usigeuze kwa mwiko, shika chungu kwa kitambaa ukitikise. Dakika ishirini na tano zinatosha.

Usipa wa kurudi nao Mbeya wakaushe tena juani nusu siku, uwafunge kwenye karatasi au kikapu. Ukiwafunga kwenye mfuko wa nailoni wakiwa na joto, watatoa jasho huko milimani kwenye baridi, na ukifungua utakuta ukungu.