Asilimia 67 ya nani? Namna ya kusoma takwimu za maoni kuhusu tabianchi

Matokeo ya awamu ya 7 ya Afrobarometer (utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika), iliyofanyika katika nchi 34 za Afrika kati ya 2016 na 2018, yana tarakimu ambayo ni rahisi kuinukuu vibaya: asilimia 67 walisema mabadiliko ya tabianchi yanafanya maisha nchini mwao kuwa mabaya zaidi. Ukiisoma haraka utaandika "theluthi mbili ya Waafrika". Sivyo. Swali hilo liliulizwa wale tu waliokwisha kujibu kwamba wamewahi kusikia habari za mabadiliko ya tabianchi, nao walikuwa asilimia 58. Zidisha 0.58 kwa 0.67, unapata takriban 0.39. Kwa hiyo katika kila watu wazima 100 ni kama 39 waliosikia na kusema maisha yanaharibika. Tofauti ya 67 na 39 inatosha kupindua makala nzima, na haihitaji hesabu zaidi ya darasa la saba. Kabla ya kugusa asilimia yoyote, uliza: ya nani?

Data zenyewe hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Afrobarometer, katika faili la SPSS, programu ya takwimu ya kulipia. Huna haja ya kuinunua: programu za takwimu PSPP na R hulifungua bila malipo, na ukipenda Excel unaweza kulihamishia huko. Pakua pamoja nalo dodoso la nchi yako na kitabu cha misimbo, maana bila hivyo utaona namba tupu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi. Katika maswali mengi 9 ni "sijui", 8 ni "amekataa kujibu", 7 ni "halimhusu" na -1 ni jibu lililokosekana. Mtu akichukua swali la mizani ya 1 hadi 5 na kupiga wastani bila kuondoa misimbo hiyo, kila "sijui" inahesabiwa kama alama 9, na wastani unapaa bila sababu. Kwenye umri, 998 na 999 hufanya uharibifu mkubwa zaidi. Anza na jedwali la marudio la kila swali, yaani kila jibu limetolewa mara ngapi, uone misimbo yote iliyomo, ndipo uamue. Ila "sijui" usiitupe ovyo. Katika suala la tabianchi, kutojua ni jibu lenye maana, nami huliacha kwenye jedwali kama safu yake.

Kinachofuata ni uzito. Faili lina safu ya uzito wa kila mhojiwa ndani ya nchi yake (jina lake huanza na withinwt), inayorekebisha pale kundi fulani lilipohojiwa zaidi au pungufu ya sehemu yake katika idadi ya watu. Kwenye Excel, badala ya kuhesabu vichwa kwa COUNTIFS, jumlisha uzito kwa SUMIFS, kisha gawa kwa jumla ya uzito wa kundi lote.

Sasa ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho asilimia ya sampuli inaweza kupishana na ya watu wote kwa bahati tu. Sampuli za Afrobarometer kwa kawaida ni watu 1,200 au 2,400 kwa nchi, wenye miaka 18 na kuendelea. Kanuni ya haraka ni 0.98 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu: kwa 1,200 unapata asilimia 2.8 juu na chini, kwa 2,400 asilimia 2. Lakini kanuni hiyo inadhani kila mtu alichaguliwa peke yake. Kwa kweli wahojiwa huchukuliwa wanane wanane katika eneo moja la kuhesabia watu, na majirani hufanana: redio ileile, ukame uleule, bwana shamba yuleyule. Ikiwa kufanana huko, kwa kipimo cha 0 (hawafanani) hadi 1 (wote sawa), ni 0.1, athari yake ni 1 + (8 − 1) × 0.1 = 1.7. Watu wako 1,200 wanabeba habari za watu kama 706, na ukingo unapanda hadi 3.7.

Je, hilo lina uzito wowote? Chukua mfano wa kubuni. Mjini watu 400, waliosikia 256 (asilimia 64). Vijijini watu 800, waliosikia 456 (asilimia 57). Tofauti ni 7. Kwa jaribio la kai-mraba la kawaida, linalopima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu, unapata 5.42, ambayo imepita kikomo cha 3.84, na programu itakuambia tofauti ni ya kweli. Gawa kwa 1.7: inabaki 3.19, haijafika. Ukingo wa tofauti hiyo nao unatoka 5.8 hadi 7.6, hivyo sifuri imo ndani. Kichwa cha habari kimekufa, na ni sawa kife. Makosa haya huuma hasa mjini na vijijini, kwa kuwa eneo zima huangukia upande mmoja. Wanaume na wanawake huchanganywa ndani ya kila eneo, kwa hiyo kwao athari huwa ndogo.

Hata tofauti ikisimama, itenge kwa elimu kabla ya kusema mji ndio sababu. Linganisha waliomaliza sekondari wa mjini na wenzao wa kijijini, kisha walioishia msingi kwa walioishia msingi. Pengo likinywea ndani ya kila ngazi, ujue shule ndiyo iliyokuwa ikisema. Angalia tu idadi: ukibaki na watu 60 katika kisanduku, ukingo ni zaidi ya asilimia 12 hata kabla ya kuzidisha athari ya eneo.

Jambo la mwisho halimo kwenye hesabu, limo kwenye maneno. Soma dodoso la Kiswahili uone mhojiwa alitamkiwa nini hasa: "tabianchi" au "hali ya hewa"? Mkulima ambaye vuli zimemtupa miaka mitatu anaweza kujibu kwamba hajawahi kusikia mabadiliko ya tabianchi, na akawa mkweli, kwa sababu neno hilo halijafika shambani kwake. Awamu ya 7 iliuliza pia, bila kutaja mabadiliko ya tabianchi, kama hali ya hewa kwa ajili ya kilimo katika eneo la mhojiwa imekuwa bora au mbaya zaidi kwa miaka 10, na asilimia 49 walisema imekuwa mbaya zaidi. Weka maswali hayo mawili kwenye jedwali moja, usome kisanduku cha wale ambao "hawajasikia" lakini wameona.