Proteus alivyojaza pleti nzima na nilivyompata bakteria aliyekuwa chini yake

Waliopo maabara za mikrobiolojia wanamjua bakteria anayeitwa Proteus. Ukimpanda jioni kwenye pleti ya blad agari (chakula kigumu cha bakteria chenye damu), asubuhi ukiitoa kwenye inkyubeta hukuti koloni, yaani vidoa vya bakteria, za kuhesabu, unakuta utando mwembamba umetambaa kila kona, mawimbi mawimbi, duara nje ya duara kuanzia pale lupu, waya wa kupandia, ilipogusa. Akikaa juu ya agari ngumu seli zake zinarefuka, zinaota mikia mingi, zinasogea kwa kundi afu zinatulia, zinasogea tena, ndo maana yale mawimbi yanaonekana.

Sasa mi nililetewa mkojo wa mzee aliyekaa na mpira wa mkojo muda mrefu, blad agari ikawa hivyo hivyo, na kwa wagonjwa wa mpira bakteria wawili kwa pamoja ni kawaida sana kwahiyo sikutaka kuandika Proteus tu na kufunga faili. Nikachukua sampuli ileile iliyokuwa kwenye friji nikaipanda kwenye agari nyingine mbili, MacConkey na CLED. CLED ina chumvi kidogo mno, Proteus hawezi kutambaa humo, na MacConkey ina chumvi za nyongo zinazomzuia pia.

Kesho yake picha ikafunguka kabisa! Kwenye MacConkey kulikuwa na koloni zisizo na rangi, huyo Proteus maana hachachushi laktosi, sukari ya maziwa iliyomo humo, na katikati yake koloni za pinki, kubwa, zimevimba na kung'aa, nikigusa na lupu zinavutika kama mlenda. Kwenye CLED hizohizo zilikuwa njano. Nikaunguza lupu mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha ipoe, nikachukua koloni moja tu ya pinki na kuichora robo kwa robo kwenye MacConkey mpya, nyuzi 37 usiku kucha, ikaota peke yake safi. Vipimo vya baiokemia vikasema huyo bakteria wa pili ni Klebsiella.

Na hapo dawa zinabadilika jamani, Proteus kwa asili yake haguswi na nitrofurantoini, Klebsiella naye haguswi na ampisilini, kwahiyo ukiripoti mmoja daktari anatibu nusu ya ugonjwa na mzee wa watu anaendelea kuumwa.

Kitu kingine, kausha pleti kabla ya kupanda na uziweke kichwa chini kwenye inkyubeta, maana tone la maji likidondoka juu ya agari hata bakteria wasiotambaa wanaungana na koloni moja moja huipati.